Maneno yanayomwangusha mwanafunzi katika Kiingereza

WANAFUNZI wa shule nyingi za msingi za umma nchini Tanzania husoma kwa Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza katika karibu masomo yote waingiapo kidato cha kwanza.

Wengi hudhani kikwazo kikubwa ni istilahi ndefu za sayansi. Hata hivyo, neno kama "photosynthesis" huelezwa na mwalimu, huchorewa mchoro ubaoni na hurudiwa mara nyingi. Yanayomwangusha mwanafunzi ni yale yasiyo na somo lake maalumu: "derive", "assess", "interpret" na "justify".

Neno "justify" likitokea katika swali la historia, mtahini hahitaji masimulizi ya tukio, bali sababu za kutetea hoja. Anayesimulia tukio, hata kwa usahihi, hupoteza alama katika jambo analolifahamu.

Mwaka 2000, mtaalamu wa lugha wa New Zealand, Averil Coxhead, alichapisha orodha ya maneno ya aina hiyo baada ya kuchunguza maandishi ya kitaaluma yenye takriban maneno milioni 3.5. Alibainisha familia 570 za maneno, zilizochukua karibu asilimia 10 ya maandishi hayo. Yaani, katika kila maneno 10, takriban moja lilitoka humo.

Dhana ya familia si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili. Anayejua "soma" hupata pia "somo", "msomi" na "somesha". Vivyo hivyo, anayejifunza "analyse", yaani kuchambua, ajifunze papo hapo "analysis" na "analytical".

Kukariri orodha ya kamusi pekee hakutoshi, kwa kuwa neno moja hubeba maana kadhaa. "Solution" katika kemia ni mmumunyo, katika hisabati ni jawabu, na katika mgogoro ni ufumbuzi. Ndiyo maana neno huandikwa daftarini pamoja na sentensi lilimotokea.

Aidha, maneno machache yanayorudiwa kesho yake, baada ya wiki na baada ya mwezi hukaa kichwani kuliko mamia yanayokaririwa usiku wa kuamkia mtihani. Katika kila marudio, mwanafunzi afunike maana na kujaribu kuikumbuka kwanza, ndipo aitazame.