Uvimbe umetoka, hedhi nani anaihesabu?

Kwenye ukurasa wa kushoto kuna pedi tatu zilizochorwa kwa kalamu, moja chini ya nyingine. Ya kwanza ina doa dogo katikati. Ya pili imelowa nusu. Ya tatu imejaa mpaka pembeni. Juu yake zimepangwa siku, kuanzia ya 1 hadi ya 8, na chini kuna viduara viwili, kidogo na kikubwa, vya kuandikia mabonge ya damu. Daftari lenyewe ni la shule, la mistari. Limechorwa na muuguzi mkunga wa kliniki moja ya wanawake jijini Dar es Salaam, ambaye humpa daftari la namna hii kila mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani baada ya kuondolewa uvimbe kwenye kizazi, yaani faibroidi.

Nilikuwa nimefuata habari ya foleni za upasuaji. Daftari lilikuwa mezani, nikaliomba, na tangu hapo sikuweza kuzungumzia foleni.

Matumizi yake ni mepesi. Kila pedi inayobadilishwa hupigiwa mstari mmoja chini ya siku yake, kwenye picha inayofanana nayo. Yenye doa dogo ina alama 1, iliyolowa nusu alama 5, iliyojaa alama 20. Bonge dogo ni 1, kubwa ni 5. Siku zikiisha, mwenyewe anajumlisha. Ikifika 100 au kupita, inahesabiwa kwamba huenda amepoteza damu zaidi ya mililita 80 katika hedhi moja, na hapo madaktari wanaiita hedhi nzito. Muuguzi hakubuni alama hizo. Zinatokana na chati iliyochapishwa Uingereza mwaka 1990 na daktari Higham na wenzake, ambao walilinganisha picha hizo na damu iliyopimwa maabara. Kwenye chati yao bonge dogo lilikuwa na ukubwa wa sarafu ya peni moja na kubwa la peni 50. Yeye amechora viduara kwa kuzungushia sarafu zetu.

Ana kurasa mbili za mfano anazofundishia. Kwenye ya kwanza, siku ya 1 pekee ina pedi tatu zilizojaa na mbili za nusu: alama 70. Siku ya 2 zimejaa nne na kuna bonge kubwa: 85. Siku mbili tu, jumla ni 155, na hedhi bado inaendelea. Kwenye ukurasa wa pili siku ni nne: 15, 35, 10, 3. Jumla 63. Mgonjwa huwekewa kurasa hizo pamoja na kuulizwa yeye anajiona wapi.

“Wengi wananyooshea kidole ule wa kwanza na kuniambia, ‘Sista, hivi ndivyo nilivyo, mama yangu na dada zangu pia,’” anasimulia muuguzi, aliyeomba jina lake lisiandikwe kwa kuwa si msemaji wa kliniki. “Mtu ametokwa na damu hivyo miaka kumi. Anatembea na kanga ya ziada kwenye mkoba, anaamka usiku kubadilisha, anapanda ngazi akihema. Ukimwambia baada ya upasuaji hedhi itakaa sawa, hana cha kulinganisha nacho.”

Ndiyo maana, anasema, baadhi hurudi na hofu pale ambapo mambo yanakwenda vizuri. Amewahi kupokea mwanamke aliyekuja mbio kwa sababu hedhi yake ilichukua siku nne, haina mabonge. Aliamini kizazi kimeshonwa kikafungwa. “‘Sista, mmenifunga?’ Nikamwambia, hapana mdogo wangu, hivi ndivyo wenzako wanavyokwenda mwezini. Akalia pale pale kwenye kiti.”

Kuna wanaorudi kwa hofu ya upande wa pili. Kidonda cha ndani ya kizazi kinahitaji muda, kwa hiyo matone ya damu siku za mwanzo hata wiki kadhaa si ajabu. Hedhi ya kwanza kwa wengi huja ndani ya wiki nne hadi sita, na inaweza kuwahi, kuchelewa, kuuma au kuwa nzito kuliko mtu alivyotegemea. Muuguzi huwaomba wasihukumu upasuaji kwa hedhi hiyo moja. Mzunguko huchukua kama miezi mitatu kutulia, wakati mwingine zaidi. Aliyechomwa sindano za kusimamisha hedhi kabla ya upasuaji husubiri mpaka dawa iishe mwilini.

Jambo analolirudia sana ni mahali uvimbe ulipokuwa. Uliojitokeza ndani ya tundu la kizazi ndio unaosumbua zaidi kwa damu, hata ukiwa mdogo, na ukitolewa tofauti huonekana wazi. Ulioota upande wa nje unaweza kujaza tumbo lote bila kugusa hedhi. Aliyetolewa huo asitegemee hedhi yake ipungue. “Mwulize daktari wako alitoa upi. Ni haki yako kujua kilichotoka mwilini mwako.”

Kisha anataja, mkono ukiwa juu ya jalada la daftari, mambo yasiyosubiri ukurasa ujae: pedi kujaa kila saa kwa saa mbili mfululizo, homa, uchafu wenye harufu, kizunguzungu cha kuanguka. Hedhi isiporudi kabisa, kwanza ni kupima mimba. Kama hakuna mimba, na tumbo linauma kila mwezi bila damu kutoka, huenda kuta za ndani ya kizazi zimeshikana kwa makovu, na hilo lina matibabu. Vidonge vya kuongeza damu navyo huachwa mapema mno. Damu ikishafika kiwango chake, mgonjwa anapaswa kuendelea navyo kama miezi mitatu, ili akiba ya madini ya chuma ijae.

Nilimuuliza kwa nini maelezo haya hayamo kwenye karatasi ya ruhusa, ambayo kwa wagonjwa wengi niliozungumza nao ilitaja kusafisha kidonda, kutobeba vitu vizito na tarehe ya kurudi. Hakulaumu mtu. Alisema daktari anauliza kidonda, mume anauliza mtoto, mama mkwe anauliza mtoto. Hedhi, iliyompeleka mwanamke hospitali akiwa mweupe midomo kwa kukosa damu, inaachiwa mwenyewe.

Nami naona hapo ndipo tunapowakosea. Mtu anauza shamba au anachangiwa na ukoo mzima ili apasuliwe, halafu hakuna anayepima kama lile lililomtesa limeisha. Faibroidi huweza kuota tena. Bila kumbukumbu, atajuaje kwamba anarudi alikotoka?

Daftari nalo lina mipaka, na muuguzi anaikiri. Picha zimechorwa kwa pedi za dukani, na pedi zenyewe hazinyonyi sawa. Wanaotumia vipande vya kanga je? Hana alama za kitambaa na hajaona chati inayozitoa. Asiyejua kusoma hupiga mistari, lakini kujumlisha ni mpaka amwite binti yake, na si kila mama yuko tayari mwanaye aione hesabu hiyo. Madaftari ananunua kwa fedha zake. Akihama kituo, nani ataendelea?

Anachotaka ni kitu kimoja: daftari lianze miezi miwili kabla ya upasuaji, siyo baada. “Nikiwa na kurasa za kabla, nitamwonyesha kwa mwandiko wake mwenyewe alipotoka. Sasa hivi ninaanza naye katikati ya safari.” Ombi hilo halihitaji mashine wala bajeti ya wizara, na foleni ya upasuaji ina nafasi ya kutosha kulitimiza.