Gari la zimamoto lililogeuzwa nyumba

Sisi wa Manyovu na Mugina tumezoea malori ya saruji, chumvi na mawese. Lakini lori jekundu lenye mapazia madirishani liliwasimamisha hata wapagazi. Mimi nilidhani kuna moto. Kumbe ndani mna kitanda na jiko, na mzee wa Kijerumani na mkewe ndimo wanamoishi.

Ndugu msomaji, hilo ni Mercedes-Benz la pua fupi, aina ya 911, lililostaafu zimamoto huko kwao. Magari hayo huuzwa yakiwa na umri wa miaka 25 au 30, ilhali mengi hayajafikisha kilomita 40,000, maana hutoka kituoni kwa dharura na mazoezi tu. Injini ni dizeli isiyo na kompyuta. Fundi wa Kasulu ataielewa.

Ila kilomita chache zisikudanganye. Mpira huzeeka hata gari likisimama. Mzee alibadilisha mipira ya breki, sili na matairi yote kabla hajagusa rangi. Kisha akatoa pampu na tanki la maji, akaondoa king'ora na taa za buluu, kwani raia haruhusiwi kuvitumia.

Kazi ngumu ni chumba. Fremu ya lori hujipinda kwenye makorongo. Ukifunga chumba kwa bolti kila kona, kitapasuka. Hivyo hukalishwa juu ya egemeo tatu au nne zinazocheza, fremu ikijipinda chini yake.

Mpakani alitoa karneti, hati ya kupitisha gari kwa muda bila kulipa ushuru, yenye dhamana nyuma yake. Asipogongewa muhuri wa kutoka, dhamana hiyo hudaiwa. Wachuuzi wenzangu wataelewa kwa nini aliukagua muhuri mara mbili! Usukani uko kushoto, kwa hiyo Burundi anastarehe. Tanzania mkewe ndiye huchungulia mbele wakitaka kulipita gari jingine.

Nilivuka kizuizi hicho hicho mwaka 2009, nikirudi nchi niliyokuwa naisikia tu, baada ya kuzaliwa na kusomea Ulyankulu. Lori letu lilibeba magodoro, masufuria na boksi la vitabu vyangu. Nafasi ilikwisha, cherehani ya mama ikabaki Kigoma kwa jirani.

Nilimsimulia mzee. Akauliza cherehani ilikuwa na uzito gani. Mama bado huiulizia.