Kinanda Kisilaumiwe

Juzi, katika Barabara ya Enterprise, Industrial Area, nilimkuta mwanafunzi akicheza kinanda kidogo cha kidijitali, kifupi kuliko mkono wake. Alipiga mapigo manne. Kinanda kikayahifadhi na kuyarudia bila kuchoka. Juu yake akatia besi, kisha sauti ya filimbi. Mwalimu wake, alinieleza, huuita huo uvivu.

Nampinga mwalimu huyo. Tangu Korg M1 ya 1988, iliyohifadhi sehemu 8 za wimbo mmoja, asiye na fedha za kukodi bendi ameweza kuwa bendi. Genge nayo, huko mtaani California, ilikuzwa kwa mitambo.

Hata hivyo, nilimwomba akizime, ayapige mapigo yale kwa viganja. Yalimponyoka mara mbili. Akacheka, akaanza upya.