Kupatana Bei katika Masoko ya Yerusalemu: Maneno na Desturi Zake

Mtu asemaye Kiswahili aingiapo katika masoko ya Mji wa Kale wa Yerusalemu, hata kama hakujifunza Kiarabu kamwe, hakosi kusikia maneno ayajuayo. Soko ni suq, duka ni dukkan, mizani ni mizan, hesabu ni hisab. Ghali ni ghali vile vile, wala faida na hasara hazina haja ya mkalimani. Hata majina ya masoko yenyewe hayatutishi sana: Suq al-Attarin ni soko la wauza manukato, nasi twalijua neno atari. Basi mgeni hufurahi, akajiona kwamba yu kwao.

Lakini furaha hiyo haina budi kuwa na kiasi, maana maneno mengine yalipovuka bahari yalibadilika. Neno bei kwetu ni kile kiasi cha fedha. Kwa Waarabu bay' ni tendo lenyewe la kuuza, na kile kiasi wao hukiita thaman au si'r. Thaman hiyo nasi tunayo, ila tumeipandisha cheo: kwetu thamani ya kitu ni ubora wake, hata kama hakuna anayekinunua. Tajiri kwetu ni mwenye mali nyingi, lakini tajir kwao ni mfanya biashara tu, naye aweza kuwa maskini kabisa. Na rahisi, ambalo kwetu lina maana mbili, kwao katika mambo ya soko ni kinyume cha ghali tu. Kazi isiyo ngumu wao huiita sahl. Asemaye mbele ya mchongaji kwamba kazi yake ni rakhis, akidhani amesema ni nyepesi, amemwambia kwamba haina thamani. Ni afadhali anyamaze.

Jambo hili latupasa sisi walimu na makasisi kwa sababu wengi wetu wamekwenda kuhiji Nchi Takatifu wakati wa likizo, pamoja na Wakristo wa mitaa yao, na mambo ya soko ndiyo yaletayo manung'uniko mengi. Wako wasemao kwamba wachuuzi wa huko ni wezi, kwa kuwa walitaja bei moja wakauza kwa nyingine. Na wako walioona haya kubishana juu ya fedha katika mji ule, wakalipa neno la kwanza walilotajiwa, kisha wakasikitika njia nzima walipoona wenzao walipata kitu kile kile kwa nusu. Ajabu ni kwamba watu hawa hawa, wakiwa nyumbani, hawanunui fungu la ndizi bila kuomba kupunguziwa.

Tukitaka kuijua desturi hii asili yake, tusome sura ya 23 ya Mwanzo, Ibrahimu alipotaka mahali pa kumzika Sara. Wengi wetu huisoma sura ile kama habari ya maziko. Nayo ni habari ya mauzo, imeandikwa kwa uangalifu kama hati. Ibrahimu ataka pango la Makpela, naye asema wazi kwamba atalipa. Efroni Mhiti, mbele ya watu wote walioketi langoni pa mji, asema kwamba ampa shamba bure, na pango lililomo. Msomaji asiyejua desturi husema, Mtu mwema kama nini! Lakini Ibrahimu hakudanganyika. Aliinama kwa heshima, akataka kulipa. Ndipo Efroni akataja shekeli 400 za fedha, tena akaongeza kwamba hicho si kitu kati ya marafiki. Ile zawadi ilikuwa adabu ya kufungua maneno, na bei ikaingia kwa mlango wa nyuma, kana kwamba haikutajwa.

Shekeli ya zamani hizo haikuwa sarafu, ilikuwa uzani, kadiri ya gramu 11. Basi 400 ni kama kilo 4 na nusu za fedha. Wafafanuzi wengi waona ya kuwa bei hiyo ilikuwa kubwa mno, nao huilinganisha na shekeli 17 ambazo Yeremia alilipia shamba la Anathothi. Kwa nini basi Ibrahimu hakuomba kupunguziwa, yeye ambaye sura tano kabla yake alishuka na Mungu mwenyewe kwa ajili ya Sodoma, toka watu 50 hata 10? Sisi twaona sababu i katika hali yake. Alikuwa mgeni asiye na ardhi, na mwenye kununua kaburi hataki mtu aje baadaye kusema kwamba lilichukuliwa kwa hila. Alipima fedha yote mbele ya mashahidi.

Adabu ile ya Efroni haijafa. Hata leo, mnunuzi atoapo fedha katika duka la Kiarabu huko Palestina, mwenye duka aweza kumwambia khalliha aleina, maana yake, iache juu yetu, usilipe. Asiyejua hushukuru, akachukua kitu akaenda zake, na nyuma yake huanza kelele. Jibu lake ni kushukuru na kulipa. Daudi alijua hayo: Arauna Myebusi alipompa bure uwanja wake wa kupuria, na ng'ombe pamoja nao, mfalme alikataa akalipa shekeli 50, na jambo hilo lilitendeka katika Yerusalemu yenyewe.

Namna ya mazungumzo ni hii. Kwanza salamu, wala si salamu ya mbio. Padre aliyevaa kanzu yake ataitwa Abuna, yaani Baba yetu, kwa maana ndivyo Wakristo Waarabu wawaitavyo makasisi wao. Mwingine ataitwa ndugu. Ikiwa asubuhi na mapema, mwenye duka atasema habari ya istiftah, mauzo ya kwanza ya siku, ambayo watu wengi huyaona kuwa ni ya bahati, naye atakuwa tayari kupunguza ili siku yake ifunguke. (Neno hili ni ndugu ya Fatiha, yote mawili yatoka katika kufungua.) Aweza kuleta chai au kahawa. Kuinywa si kuahidi kununua, lakini si vema kukaa nusu saa katika duka la mtu, ukinywa chai yake, na huku huna haja na kitu chake.

Usiulize bei ya kitu usichokitaka. Hii ndiyo kanuni ambayo wageni huivunja kuliko zote. Kuuliza bikam, kiasi gani, ni kuingia katika shauri. Na kutaja bei yako ni kuahidi. Mwenye duka akiikubali bei uliyoitaja wewe mwenyewe, huwezi tena kusema kwamba ulikuwa ukijaribu tu. Wako waongozi wa safari wafundishao kwamba mgeni atoe nusu ya neno la kwanza, lakini twaona kanuni hiyo haina msingi, kwa kuwa maduka hayafanani. Afadhali kutembea soko lote siku ya kwanza bila fedha mfukoni, toka Lango la Yafa hata Muristan, na kuangalia bei za kitu kimoja katika maduka yaliyoziandika. Kisha taja bei unayoweza kuilipa bila kinyongo, upande kidogo naye ashuke kidogo. Mkishindwana, aga kwa adabu uondoke. Akikuita, bado ilikuwako nafasi. Asipokuita, umejua chini ya bei yake, nawe waweza kurudi kesho bila aibu. Tena uulize ni fedha ya nchi gani, maana mle mjini hutajwa shekeli, dola na dinari ya Yordani, na 30 ya moja si 30 ya nyingine. Mkate na dawa havibishaniwi, wala vitu vilivyoandikwa bei katika maduka ya makanisa.

Sasa swali ambalo mwalimu mmoja aweza kuulizwa na wanafunzi wake: je, atajaye bei asiyoitazamia hasemi uongo? Wako Wakristo waliojibu ndiyo. George Fox na Chama cha Marafiki huko Uingereza, katika karne ya 17, walifundisha kwamba ndiyo yako iwe ndiyo hata dukani, na mfanya biashara ataje bei moja tu, kwa mtoto na kwa mtu mzima. Wafuasi wao ndio walioanza misheni ya Kaimosi mwaka 1902, nasi twawaheshimu kwa uthabiti huo. Lakini hatudhani kwamba neno lao lahukumu soko la Yerusalemu. Uongo hutaka mtu wa kudanganywa, na pale ambapo wote wawili wajua kwamba neno la kwanza ni mwanzo wa maneno, hakuna aliyedanganywa. Torati haikukataza kupatana bei. Ilikataza mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja. Udanganyifu u katika kitu: kusema mti ni mzeituni na sio, au taa ni ya zamani za Warumi na ilichomwa mwaka jana.

Tena tusisahau kwamba kitabu cha Mithali, katika sura ya 20, kimemchagua mnunuzi, si mwuzaji, awe wa kuchekwa: yeye aitukanaye bidhaa mbele ya mwenyewe, kisha akienda zake hujisifu. Hapo ndipo tuonapo dhambi ya mahujaji.

Maana vitu vingi wanavyovibishania vyatoka Bethlehemu na vijiji jirani, Beit Jala na Beit Sahour, na wavichongao ni Wakristo wenzetu. Mti wa mzeituni haukatwi kwa kazi hii kwa kawaida. Hutumika matawi yaliyopogolewa, yakakaushwa muda mrefu yasije yakapasuka. Mashine hukata umbo, lakini uso wa Mariamu na vidole vya mtoto hutiwa kwa mkono, na tofauti ya sanamu mbili za kimo kimoja i katika saa za mkono huo. Ufundi wa sadafu uko huko pia tangu karne nyingi, nao ulikuzwa na Wafransisko. Watu hawa waishi kwa mahujaji. Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona mji ulifungwa, na tangu vita vya Oktoba 2023 wageni walipungua hata warsha nyingi zikanyamaza. Tena kundi la basi hupelekwa mara nyingi katika duka kubwa moja ambalo kiongozi apata udalali wake, na udalali huo umo ndani ya bei. Mchongaji wa uchochoroni haoni basi hilo.

Sisi tuliokulia karibu na Mombasa tumewaona wageni wakisimama juu ya mchongaji wa Kikamba, wakishindana naye kwa shilingi ambazo kwao si kitu na kwake ni chakula cha jioni. Hatukupendezwa. Huko Bethlehemu wageni ndio sisi. Mchongaji ambaye hajauza tangu wiki atakubali bei iliyo chini ya gharama yake, kwa kuwa hana la kufanya. Na kukubali kwake hakuonyeshi kwamba bei ile ni ya haki. Atakaye kujipima na aulize siku ngapi za kazi zimo katika kitu, kisha afikiri mshahara wake mwenyewe wa siku hizo.

Akitaka msalaba wa kanisa lake, asinunue ulio dukani, auagize. Hapo ataombwa arbun, yaani sehemu ya fedha mbele, ya kufunga mapatano. Neno hili ni lile lile ambalo Yuda aliombwa na Tamari, na ambalo Mtume Paulo aliliandika kwa Kiyunani, arrabon, alipotaja Roho tuliyepewa; nasi tunalo katika Biblia yetu, arabuni. Watoto wa shule hawalijui tena, wao husema malipo ya kwanza. Lakini tendo kurubuni walijua sana, kwa maana ya kumvuta mtu kwa hila, na latokana, kama ionekanavyo, na rubuni, umbo jingine la neno lilo hilo: fedha itolewayo mbele kumfunga mtu, ikaja kuwa fedha ya kumnasa. Kwa mchongaji wa Bethlehemu neno halikuharibika hivyo. Akiisha kuipokea huandika jina lako na siku katika daftari, na kazi ikiisha husema mabruk, na jibu lake ni Allah yibarik fik, ambalo baraka yake kila Mswahili aisikia.