Safari na mtoto mwenye mzio wa chakula: Maandalizi huanzia jikoni

MSIMU wa likizo unapowadia, stendi za mabasi na viwanja vya ndege hufurika wazazi waliofuatana na watoto wao. Kwa familia yenye mtoto anayedhurika na vyakula fulani, safari hiyo hubeba hatari ambayo abiria wengine hawaioni: karanga zinazouzwa dirishani, biskuti anayopewa na jirani wa kiti, au uji wa njiani ambao haijulikani umechanganywa na nini.

Hali hiyo huitwa mzio wa chakula, ingawa wengi wameizoea kwa jina la aleji. Hutokea pale kinga ya mwili inapoichukulia protini ya chakula cha kawaida kuwa ni adui na kuishambulia.

Vyakula vinavyotajwa zaidi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, samaki, kamba, kaa, soya, ngano na ufuta. Mzio wa maziwa na mayai mara nyingi hutoweka kadiri mtoto anavyokua, lakini ule wa karanga na samaki kwa kawaida hudumu.

Usichanganywe na tumbo linalojaa gesi baada ya mtu kunywa maziwa. Hilo husumbua tumbo tu, ilhali mzio unaweza kuziba njia ya hewa na kushusha shinikizo la damu kwa muda mfupi.

Kwa nini safari huongeza hatari

Nyumbani, mzazi ndiye mwenye jiko, na anajua hospitali ilipo. Safari humwondolea yote mawili kwa wakati mmoja. Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Mwanza hupita zaidi ya kilometa 1,000, na sehemu kubwa ya njia hiyo iko mbali na hospitali kubwa.

Aidha, vyakula vingi vya kawaida huficha kilichomo. Karanga husagwa na kutiwa katika mchicha na kisamvu. Unga wa lishe, ambao wazazi huuamini kwa watoto wadogo, mara nyingi huchanganywa karanga na soya. Samli hutokana na maziwa, na chipsi huweza kukaangwa katika mafuta yaliyokwisha kukaanga samaki. Kupika hakuondoi hatari hiyo, na kiasi kidogo sana kinatosha kuleta madhara.

Tukio lililoitikisa Uingereza mwaka 2016 linaonyesha uzito wa jambo hili. Natasha Ednan-Laperouse, msichana wa miaka 15 aliyekuwa na mzio wa ufuta, alinunua mkate uliotiwa vikolezo katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London, akielekea Nice, Ufaransa. Ufuta ulikuwa umeokwa ndani ya mkate huo, lakini karatasi yake haikuutaja. Alizidiwa akiwa angani, na alifariki dunia licha ya kudungwa dawa mara mbili.

Kuanzia Oktoba 2021, sheria inayoitwa kwa jina lake huwalazimisha wauzaji nchini humo kuorodhesha viambato vyote kwenye vyakula vilivyofungashwa dukani kabla ya kuuzwa. Kwa mama lishe wa kando ya barabara hakuna karatasi ya kusoma. Njia salama ni chakula kilichopikwa nyumbani, kikafungwa vizuri, na kuzidishwa ili kitoshe hata basi likiharibika.

Dawa isiwekwe kwenye buti

Wataalamu wa afya wanashauri mtoto mwenye mzio mkali aonwe na daktari kabla ya safari. Dawa inayookoa maisha ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa upande wa nje wa paja. Vidonge na dawa za maji za kutuliza mwasho haviwezi kuchukua nafasi yake.

Katika nchi tajiri, adrenalini huuzwa ndani ya kalamu maalumu iliyo tayari kuchomwa. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki kalamu hizo ni adimu, hivyo daktari ndiye wa kuamua familia ibebe nini na kuifundisha namna ya kutumia. Kipimo hukadiriwa kwa miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Ndiyo maana mtoto hupimwa upya kabla ya kuondoka.

Dawa hiyo ikae mkononi mwa mzazi. Haifai kuwekwa kwenye buti la basi, wala ndani ya gari lililoachwa juani, kwa kuwa joto huiharibu. Kwa wanaopanda ndege, barua ya daktari husaidia kwenye ukaguzi. Hata penye kanuni ya mililita 100 za vimiminika, dawa na chakula cha mtoto kwa kawaida huruhusiwa.

Kiti na meza ya kulia vifutwe kwa kitambaa chenye maji, na mikono ioshwe kwa sabuni. Vitakasa mikono huua vijidudu, lakini haviondoi mabaki ya karanga.

Mtoto asiyejua kusema

Mtoto mchanga hawezi kueleza kuwa koo linabana. Mzazi aangalie vipele, midomo kuvimba, kutapika, kikohozi cha ghafla, sauti kukwaruza, kupumua kwa shida au kulegea. Pumzi au fahamu ikiguswa, adrenalini ichomwe mara moja, na mtoto alazwe badala ya kusimamishwa. Anayepumua kwa shida aketishwe. Asipopata nafuu, dozi ya pili huweza kutolewa baada ya dakika 5 hadi 15.

Hata akichangamka, apelekwe hospitali, kwani dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Mtihani mwingine husubiri mwisho wa safari. Bibi aliyemngoja mjukuu kwa miezi mingi amemwandalia kashata, na kukataa chakula cha mwenyeji huonekana utovu wa adabu. Ni vyema apigiwe simu mapema na kuelezwa kwa heshima kwamba mtoto hadeki, bali chakula hicho kinaweza kumuua. Wazee wengi wanaujua mwiko wa ukoo, ambao huheshimiwa pasipo mabishano. Huu nao unastahili heshima hiyo.

Mtoto wa miaka miwili hawezi kusoma lebo wala kukataa kashata anayopewa kwa upendo. Kazi hiyo ni ya mtu mzima, na sehemu yake kubwa hufanyika kabla basi halijatoka stendi.