NJIA YA AKIBA HUOZA
(Mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni kweli kwa mahindi yaliyokaushwa vema, lakini si kweli kwa njia ya akiba ya intaneti. Hiyo huoza, tena kimya kimya. Nataka kuwaeleza wasomaji jinsi jambo hilo linavyotokea na jinsi mafundi wanavyolizuia.

Intaneti ni mitandao zaidi ya 70,000 iliyounganishwa: ya makampuni ya simu, mabenki, vyuo na serikali. Mpakani mwa kila mtandao kuna mashine iitwayo ruta. Ruta za mitandao jirani huambiana ni wapi kila moja inaweza kufika, kwa kufuata kanuni ziitwazo BGP, zilizoandikwa mara ya kwanza mwaka 1989. Tena kila baada ya muda mfupi, mara nyingi sekunde 30 au 60, kila ruta humpelekea jirani ujumbe wa kusema, "Nipo." Jirani akinyamaza kwa vipindi vitatu, ruta huzifuta njia zake na kupitisha mzigo wote kwa jirani wa pili.

Lakini je, huyo wa pili yupo? Tuseme njia ya akiba imekatika Jumatatu usiku. Hakuna atakayelalamika, maana mambo yote yanapita njia ya kwanza. Ni kama jenereta yenye betri iliyokufa: hakuna ajuaye mpaka umeme ukatike.

Kwa hiyo haitoshi fundi kuuliza kama intaneti inafanya kazi. Hapana budi programu iziulize ruta kila dakika: Je, kila jirani anaitika? Idadi ya njia anazotutangazia imepungua ghafula? Mazungumzo yanakatika na kurudi mara kwa mara? Jibu likiwa baya, fundi hupelekewa habari papo hapo, ingawa watumiaji hawajaona lolote. Yafaa pia aifunge njia kuu kwa makusudi, usiku wa manane, aone kama ya akiba yaweza kubeba mzigo wote.

Kadhalika lazima ajue njia hizo zinapita wapi. Februari 2024 mkongo wa Seacom ulikatika upande wa kaskazini, katika Bahari ya Shamu. Ulibaki upande wa kusini. Kisha tarehe 12 Mei 2024 upande huo nao ukakatika, kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini, pamoja na mkongo wa EASSy, siku ile ile. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Ofisi na wafanya biashara walikaa wakingoja. Mkongo wa TEAMS, utokao Mombasa kwenda Fujairah, haukuguswa, kwa kuwa hupita sehemu nyingine ya bahari. Basi njia mbili zinazopita mahali pamoja, siku ya msiba huwa moja.

Wenzangu mpendao hesabu na fizikia, kazi hii inawangojea. Haina sifa nyingi, kwa sababu ikitendwa vema hakuna aonaye kitu. Lakini siku mkongo mmoja ukatikapo na mzazi asijue kuwa umekatika, ujue kuna fundi aliyekuwa akiilinda njia ambayo hakuna aliyekuwa akiitumia.