Alishindwa Kesi, Wengine Wakapata Haki

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu katika shauri la mwanamke aliyeachika, aliyekuwa akidai fungu lake katika nyumba ya ndoa. Hakupata kitu. Hata hivyo, mwanamke anayesimama leo mbele ya hakimu kudai mgawanyo wa mali, awe Kigamboni au Kasulu, anategemea yaliyoandikwa katika hukumu ile ile.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kiliipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja. Sheria haikufafanua juhudi hizo ni zipi. Mke yule alikuwa mama wa nyumbani, na nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Mahakama ya Mwanzo ikaona kwamba alikuwa mke tu, hana fungu, na Mahakama Kuu haikumpa nafuu. Majaji wa Mahakama Kuu wenyewe hawakuwa na msimamo mmoja: baadhi yao walizihesabu kazi za nyumbani kuwa mchango, wengine walitaka kuona fedha au mali. Haki ya mke ikawa inategemea faili lake limeangukia meza ya nani. Kwangu mimi, hali hiyo ni mbaya kuliko sheria kali, maana sheria kali angalau unaijua kabla hujaenda mahakamani.

Jopo la Mahakama ya Rufani lililoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ndilo lililokata mzizi wa fitina. Lilisema kwamba juhudi za pamoja zinajumuisha kazi za nyumbani. Anayelea watoto na kutunza nyumba anachangia upatikanaji wa mali, hata kama jina lake halimo kwenye hati.

Mbona basi alishindwa? Mahakama iliridhika kwamba mume alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya familia, naye akazitapanya. Ikazihesabu fedha hizo kuwa fungu lake, ambalo alikuwa ameshalitumia.

Hapa ndipo wengi hupotea. Hukumu hubeba mambo mawili. Kuna amri, yaani nani apewe nini, na hiyo huwahusu wadaawa wa shauri lile peke yao. Kisha kuna sababu, yaani namna mahakama ilivyoielewa sheria hadi kufikia amri hiyo. Sababu za Mahakama ya Rufani huzifunga mahakama zote zilizo chini yake, mpaka Mahakama ya Mwanzo ya kijijini kwenu. Mama yule alipoteza amri, lakini tafsiri ya sheria aliyoipigania ilikubaliwa.

Tafsiri hiyo, lakini, haimaanishi nusu kwa nusu. Sheria inaitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo, ndipo ielemee kwenye usawa. Ukubwa wa mchango unathibitishwa kwa ushahidi. Inaniuma kuona akina mama wanafika mahakamani wakiwa na maneno matatu tu, "mimi ni mkewe", ilhali jirani aliyewaona wakifyatua tofali pamoja yupo, na kitabu cha VICOBA kinachoonyesha mkopo ulionunua mabati kipo kabatini.

Kenya nao wamefika karibu na hapo kwa njia yao. Sheria yao ya mali ya ndoa ya 2013 inautambua waziwazi mchango usio wa fedha, zikiwemo kazi za nyumbani na malezi. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba usawa wa wanandoa uliotajwa katika Katiba haumpi mtu nusu ya mali moja kwa moja. Lazima athibitishe alichochangia.

Hukumu ya 1983 iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi inaowalinda hawaisomi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kwa hiyo ukimaliza shauri lako, ushinde au ushindwe, omba nakala ya hukumu na ya mwenendo mapema, kwa sababu muda wa kukata rufaa una ukomo. Ukiisoma, usiishie kwenye amri ya ukurasa wa mwisho. Rudi kwenye sababu, maana makosa ya kisheria ambayo rufaa inaweza kuyarekebisha yamo humo.